Je, wajua kwa nini siti ya gari la mbio hailali nyuma?

Ukishuka mlima wa Kitonga, kule Iringa, na basi, acha kidogo kuangalia bonde, uangalie abiria. Kwenye kila kona mmoja anashika siti ya mbele yake, mwingine anakaza goti ubavuni mwa basi, mama mwenye mtoto anamkumbatia na kuegemea dirisha. Hakuna aliyewafundisha. Mwili wenyewe unatafuta pa kujishikiza. Sasa mchukue dereva, umweke kwenye barabara ya vumbi kule Isimani, kona za namna hiyohiyo lakini kwa mwendo mara mbili. Yeye ana kitu kimoja tu cha kushika, nacho ni usukani. Usukani ukigeuka bomba la kuning'inia kama la daladala, gari haliendeshwi tena.

Ndiyo maana kuna siti ya baketi, ile yenye mbavu zilizopanda pembeni. Inambana dereva mapajani, kiunoni na mabegani, mikono na miguu ikabaki na kazi yake. Iringa imeshapokea mbio za magari zaidi ya mara moja, na kila vumbi likitulia wanaibuka vijana wawili watatu wanaotaka kuigeuza Impreza au Starlet ya nyumbani. Wengi wao wanajua siti kwa faida hiyo tu ya kubana. Lakini kama ni kubana peke yake, hata siti yenye wenzo wa kuilaza ingeweza kutengenezwa hivyo. Kwa nini basi siti ya mbio ni gamba la kipande kimoja, lisilolala wala kukunjika?

Tupige hesabu kidogo. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa, linagonga mti, na pua yake inabonyea nusu mita hadi linasimama. Ndani ya nusu mita hiyo kila kilichomo kinapata uzito wa mara 28 hivi ya uzito wake. Mtu wa kilo 75 anakuwa na zaidi ya tani 2. Yaani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, siti na mikanda vinambeba dereva mwenye uzito wa Land Cruiser. Wenzo wa kulaza siti ya kawaida unashikiliwa na meno madogo ya chuma yaliyopangwa ili ulale kidogo ukisubiri foleni ya malori ipungue. Gari likigongwa kwa nyuma, mzigo wa namna hiyo unaangukia egemeo la mgongo, na meno yale yakikatika, siti inakuwa kitanda. Mikanda inayopita juu ya egemeo nayo inalegea palepale, kwa sababu kilichokuwa kinaishikilia kwenye nafasi yake kimeondoka.

Je, binadamu anaweza kweli kustahimili mara 28? Anaweza, na zaidi. Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, Marekani, daktari wa jeshi la anga aitwaye John Paul Stapp alifungwa kwenye kigari cha roketi kilichofika zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa sekunde moja na nusu hivi. Mwili wake ulibeba mara 46. Macho yalivilia damu, lakini aliishi hadi 1999. Alikuwa amefungwa barabara kwenye siti isiyotikisika, mzigo ukagawanywa kwenye mifupa inayoweza kuubeba: nyonga na mabega.

Nilipata kuyaona haya kwa vitendo kwenye gereji moja ya Ipogolo, Iringa. Kijana alileta Impreza yake akiwa na furaha. Alikuwa ameagiza mikanda myekundu ya pointi nne, yaani inayoshikizwa sehemu nne, akaifunga mwenyewe kwenye siti za velveti zilizokuja na gari kutoka Japani. Mikanda ya mabegani ilipita juu ya egemeo, ikashuka moja kwa moja hadi sakafuni, kwenye bolti za siti ya nyuma. Fundi akalizunguka gari mara moja, akachungulia ndani.

"Mnyalukolo," akasema, kama Wahehe wanavyomwita ndugu, "hii umeifunga ili ufe umekaa wima?"

Kijana alinuna. Hata mimi niliona fundi amezidisha. Mikanda minne si imara kuliko ule mmoja wa kiwandani?

Si lazima. Mkanda wa pointi tatu, ambao mhandisi Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mwaka 1959, unaacha bega moja huru. Gari likibiringika na paa likishuka, mwili unaweza kuinama upande. Mikanda ya pointi nne inakuacha wima kama nguzo chini ya dari inayoanguka. Kwa hiyo mikanda ya mbio inadai kwanza fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari, ya kulizuia paa lisishuke. Halafu ule mshuko wa hadi sakafuni: ajali ikitokea, mkanda uliovutwa chini hauzuii mabega yasiende mbele tu, unayakandamiza pia kuelekea kiunoni, na uti wa mgongo unabanwa kama chemchemi. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka mikanda ya mabegani iende nyuma kwa mshuko usiozidi nyuzi 45, na zinapendekeza usizidi 10. Huwezi kupata mshuko huo bila kuwa na bomba la kukingama nyuma ya siti, na bomba hilo ni sehemu ya fremu ileile ambayo kijana hakuwa nayo.

Kuna na la tumboni. Ukivuta mikanda ya mabegani ikaze, inakivuta kifungio cha katikati juu, mkanda wa kiunoni unatoka kwenye mfupa wa nyonga unapanda kwenye tumbo. Gari likigonga, mwili unateleza chini ya mkanda, na mzigo wa tani 2 unaangukia matumbo. Mikanda ya tano na ya sita, inayopita katikati ya miguu, ipo kwa ajili ya kukizuia kifungio kisipande. Watu huiona ya aibu, wanaiacha kwenye boksi. Na siti za velveti hazina tundu la kuipitisha, wala matundu ya mabegani.

Utaona sasa kwamba fundi hakuwa anatukana. Siti, mikanda na fremu ni ununuzi mmoja. Ukinunua kimoja ukaacha vingine, unaweza kuwa umelifanya gari kuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani. Hata fremu yenyewe ukiifunga kwenye gari unaloendea sokoni, bomba linakaa karibu na kichwa kisicho na helmeti, na kugonga kidogo kwenye mzunguko kunaweza kukupasua fuvu.

Kuhusu kukaza mikanda, waliowahi kuona malori ya magogo yakitoka msitu wa Sao Hill hawahitaji maelezo marefu. Gogo lililokazwa kwa mnyororo linasimama pamoja na lori. Lililolegea linaendelea na safari yake kwanza, kisha linaufikia mnyororo kwa kishindo. Mwili ni hivyohivyo. Na huku kwetu kuna adui ambaye vitabu vya nchi za joto haviwezi kumtaja: baridi. Mwezi wa Juni na Julai, Mafinga asubuhi, nani atavua koti? Anafunga mikanda juu ya koti nene, anahisi imekaza, kumbe imekaza sufu na hewa. Ajali inalibonyeza koti, na mkanda unabaki na nafasi ya vidole kadhaa. Vua koti, jifunge, jifunike blanketi wakati wa kusubiri zamu.

Mabega yakishashikwa vizuri, kinachobaki huru ni kichwa. Kichwa na helmeti ni kilo sita au zaidi kidogo. Kwenye ajali yetu ya mti ni kama kilo 170 na ushee zinazoivuta shingo mbele. Shingo inavutika, na fuvu linaweza kupasuka pale chini linapokalia uti. Jeraha hilo lilimuua dereva Mfaransa Patrick Jacquemart mwaka 1981. Rafiki yake Jim Downing, naye dereva, alimwendea shemeji yake Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan State aliyesomea mwili na ajali, na wawili hao wakabuni HANS: kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, yenye kamba mbili fupi zinazoshika helmeti. Madereva waliikataa kwa miaka, wakisema inabana. Kisha tarehe 18 Februari 2001 Dale Earnhardt, dereva wa mbio wa Marekani, alikufa kwenye uwanja wa Daytona kwa jeraha lilelile, na mwaka 2003 Formula 1 ikaifanya lazima. Kola hiyo haifanyi kazi na mkanda wa pointi tatu. Ni yaleyale tena: kimoja kinadai kingine.

Siti yenye masikio makubwa pembeni mwa kichwa nayo ina kisa chake. Septemba 2005, kwenye mbio za dunia huko Wales, gari la Markko Märtin liligonga mti kwa ubavu, upande wa msoma ramani, mwenza anayekaa kando ya dereva, na msoma ramani huyo, Michael Park, akafariki. Kwenye kugonga kwa ubavu hakuna pua ya kubonyea. Kuna mlango, halafu wewe. Mwaka 2009 FIA ilitoa kiwango cha siti kinachoitwa 8862, chenye ulinzi mkubwa zaidi wa pembeni kuliko kile cha 8855 cha mwaka 1999. Siti hizo ni ghali, sitaficha. Lakini barabara za kule Mufindi zimepangiwa misonobari na mikaratusi pande zote mbili, na nikiwa na hela ya injini mpya au ya masikio hayo, ningeanza na masikio. Na ningeanza na siti ya msoma ramani, maana dereva mwenye hela hujinunulia nzuri, mwenzake akapewa iliyobaki.

Siti nzuri iliyofungwa vibaya ni kazi bure. FIA inataka angalau bolti 4 kwa kila siti, zisizo nyembamba kuliko milimita 8, miguu ya chuma ya unene wa milimita 3, na bamba la chuma chini ya sakafu kila bolti inapotokea. Bati la sakafu peke yake ni jembamba. Bolti yenye washa ndogo inalichana na kutoka nalo kama kifungo cha shati. Hapa ndipo mafundi wetu wa kuchomelea wana uwezo wa kutosha, mradi wasishauriwe "weka vipande vya nondo, inatosha".

Za mtumba? Siti ya mbio ina lebo ya kiwango na mwaka. Za 8855-1999 hupewa miaka 5, za 8862 miaka 10, na baada ya hapo wakaguzi wa mashindano huikataa. Siti ya faiba iliyokwisha kupata ajali inaweza kuwa na nyufa chini ya kitambaa, kwa hiyo kivue kabla ya kulipa. Helmeti ya mtumba usinunue kabisa. Ya bodaboda nayo si mbadala, kwa kuwa haikupimwa kwa moto. Na kwa habari ya moto: ndani ya ovaroli vaa pamba au sufu, usivae trakisuti ya nailoni, inayeyuka na kugandia ngozi. Mtungi wa kuzimia moto uwe umefungwa kwa chuma, na visu viwili vya kukatia mikanda viwe mahali ambapo nyote wawili mnavifikia mkiwa mmefungwa.

Kijana wa Impreza alirudi baada ya miezi kadhaa. Fremu imeshachomelewa, siti amepata, lebo haijapita muda. "Shikamoo fundi," akasema, bado amenuna kidogo. Fundi hakuikagua siti. Alimwambia avae helmeti, akae, ajifunge mikanda yote sita, kisha akapitisha kiganja kati ya helmeti na bomba la juu. Hakikupita. Siti ilikuwa juu mno kwa urefu wa yule kijana. Miguu ya siti ikafunguliwa, ikapelekwa kwenye mashine ya kukatia, ipunguzwe sentimita nne.