Waya wa shaba na kangaga havipatani

Kila mteja anayeondoka hapa kwangu Lubumbashi na platiseriumu, lile kangaga lenye majani kama pembe, namwambia kwanza: usilifunge kwenye ubao wake kwa waya wa shaba. Mjini kwetu waya hizo hazikosekani, kila fundi wa umeme ana mabaki yake. Lakini shaba ikilowa mara kwa mara huachia sumu kidogo kidogo, na makangaga hayaiwezi. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, au vipande vya soksi ndefu kuukuu. Jihadhari pia na mbao za rangi ya kijani zilizolowekwa dawa ya kuzuia kuoza, maana mara nyingi dawa hiyo ina shaba. Na ile dawa ya buluu ya kupulizia nyanya, nayo ina shaba, usiisogeze karibu kabisa.

Ubao ni bora kuliko chungu kwa sababu porini mmea huu hushika magome ya miti, ingawa hauinyonyi. Majani yake ni ya aina mbili. Ya pembe unayajua. Mengine ni ya mviringo, hulalia mizizi, kisha hukauka yakawa kahawia. Mama mmoja wa Kamalondo huniuliza kila mara, “Papa, haya yamekufa, niyatoe?” Hapana, mama, yaache! Ndiyo yanayotunza unyevu na kukusanya majani makavu yanayooza, ambayo ni chakula cha mmea. Wala usifute vinyweleo vyeupe vya kwenye pembe. Vinazuia maji yasipotee.

Masika, mahali penye mwanga chini ya mwembe panatosha. Kazi iko kiangazi, hewa inapokauka. Ubao ukiwa mwepesi mkononi, uzamishe kwenye beseni robo saa hivi, uchuruzike, uurudishe. Ukiwa bado mzito, subiri: wengi huozesha mizizi kwa huruma. Mwezi wa sita na wa saba, usiku ukiwa wa baridi, mwagilia asubuhi tu. Platycerium bifurcatum ya Australia huvumilia baridi hiyo. Platycerium elephantotis, ya huku kwetu Afrika, yenye majani mapana yasiyogawanyika, iingize ndani.

Mabaka ya kahawia chini ya ncha za pembe si ugonjwa, ni mbegu zake za unga. Ila ukiona vinundu vinavyobanduka kwa ukucha, hao ni wadudu magamba: wapanguse kwa pamba yenye alkoholi, kimoja kimoja, bila kusugua jani zima.