Kurekodi mwezi kwa kamera na darubini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoharibu video nyingi za mwezi ni kwamba usiku ni giza, basi kamera iongezewe mwanga. Mtu anapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), anachelewesha shata (kifuniko kinachofunguka kuruhusu mwanga uingie), na anachopata ni duara jeupe lisilo na alama hata moja. Ukweli ni kwamba mwezi ni ardhi ya mawe inayopigwa na jua lilelile linaloangaza mchana wetu, kwa hiyo vipimo vyake ni vya mchana. Kwa mwezi mpevu, anzia uwazi wa lenzi wa f/11, ISO 100 na shata ya 1/100 ya sekunde. Usiiachie kamera ijipangie yenyewe: ikiona anga jeusi limejaa kwenye fremu, inazidisha mwanga.

Wengi pia husubiri mwezi mpevu wakiamini ndipo unapoonekana vizuri zaidi. Kwa miale myeupe inayotawanyika kutoka kreta (shimo kubwa la duara) ya Tycho, sawa. Kwa mengi mengine, sivyo. Jua huupiga mwezi mpevu usoni moja kwa moja, vivuli vinatoweka na milima inaonekana bapa. Mimi napendelea siku moja au mbili baada ya robo ya kwanza, yaani mwezi unaokua ukifika nusu. Fuata mpaka wa nuru na giza hadi upande wa kusini, utaikuta Clavius, kreta yenye upana unaozidi kilomita 200. Ndani yake kuna kreta nyingine zilizojipanga kwa umbo la upinde, zikipungua ukubwa moja baada ya nyingine, kila moja na kivuli chake cheusi. Rekodi usiku huohuo, maana kesho yake jua la huko limeshapanda na vivuli vimefupika.

Picha ikichezacheza kama kokoto chini ya mto, lawama huangukia darubini, au kamera kwa kuwa na megapikseli chache. Mara nyingi kinachocheza ni hewa. Toa darubini nje mapema ipoe, subiri mwezi upande juu, epuka kulenga juu ya mapaa yaliyoshinda juani. Hapa ndipo video inapoishinda picha moja: dakika mbili kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 3,600, na programu kama AutoStakkert huchagua zile zilizonaswa hewa ilipotulia, ikazipandanisha.

Bendera zilizoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo? Hazionekani. Darubini ya kipenyo cha milimita 100 inaishia kwenye vitu vya ukubwa wa kilomita 2 hivi.

Na hofu kwamba mwezi utaunguza sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, haina msingi, kwani hata ukiwa mpevu mwanga wake ni hafifu kuliko wa jua mara 400,000 hivi. Jua ndilo linaunguza, sensa na jicho pia. Anayetaka kurekodi hilali jioni asubiri jua lizame kabisa ndipo aelekeze darubini upande huo.