Magharibi Iliyowahi: Yanayosemwa Kuhusu Kazi Yangu ya Plagini, na Yalivyo

Akiulizwa mkwewe anafanya kazi gani, mama mkwe wangu hujibu, "Yupo tu nyumbani, anachezea kompyuta." Hasemi kwa ubaya, hana tu neno la kuiita kazi hii, na mimi mwenyewe nilichukua muda kulipata.

Ninaishi Makorora, hapa Tanga, na ninauza plagini. Wataalamu wa istilahi huandika programu-jalizi. Ni kipande kinachopachikwa kwenye programu kubwa ili kuipa kazi isiyokuja nayo. Changu hupachikwa kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti uliotoka Mei 2003 na ambao leo unabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Msikiti wenye tovuti unaipachika, unataja mji wake, na ukurasa wa mbele unaonyesha nyakati za swala za siku hiyo pamoja na tarehe ya Hijria. Basi, hakuna zaidi.

Dhana potofu juu ya kazi hii nimezisikia kwa majirani, kwa ndugu, na kwa vijana wanaokuja kuniuliza waanzie wapi. Nyingine nilikuwa naziamini mwenyewe.

"Yupo tu nyumbani"

Nyumbani nipo kweli, ila saa zangu hazifanani na za aliyepumzika. Watoto wawili hutoka saa 12 na nusu asubuhi kwenda shule. Mpaka saa 7 mchana nyumba ni yangu, ukitoa sokoni na jikoni. Wakirudi wanakula na kwenda chuoni (huku pwani chuo ni madrasa, wageni msishangae), na hapo napata kipande kingine. Wateja wangu wengi wapo Uingereza na Marekani. Saa 3 usiku ya Tanga, kwenye kiangazi chao, ni saa 8 mchana New York na saa 5 asubuhi California. Kwa hiyo barua huingia wakati nalaza watoto, na baba watoto akiwa zamu ya usiku bandarini, nalaza peke yangu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Mimi mwajiri wangu ni mimi. Nilipojifungua huyu mdogo, asubuhi nilikuwa nakandwa kwa maji moto na adhuhuri najibu barua pepe, bado nimo ndani ya arobaini. Bibi aliyekuwa ananikanda aliniuliza hao Wazungu hawana mama zao. Sikuwa na jibu.

"Umeme ukikatika Tanga, wateja wako wanakwama"

Hapana. Plagini haikai kwangu, inakaa kwenye seva ya mteja, yaani kompyuta inayobeba tovuti yake. Makorora ikilala gizani, msikiti wa Birmingham hauna habari. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuokoteza, tovuti za wateja wangu ziliendelea kama kawaida, isipokuwa majibu yangu yalichelewa. Ningekuwa nauza huduma inayoendeshwa kwenye seva yangu, hadithi ingekuwa nyingine. Anayelea watoto aipime mapema tofauti hii: je, kitu chako kinaendelea kufanya kazi wewe ukiwa hospitalini na mtoto?

"Ukishaiandika umemaliza, kilichobaki ni kuhesabu pesa"

Hii ndiyo niliyoiamini kwa muda mrefu kuliko zote.

Kwanza, chini yako pana ardhi inayotembea. WordPress hutoa matoleo makubwa kila mwaka. Ukikaa bila kuthibitisha plagini yako mpaka yakakupita matoleo makubwa 3, ukurasa wake kwenye maktaba ya WordPress.org huwekewa onyo kwamba haijajaribiwa, na mteja mwenye akili hapo anatafuta nyingine. PHP, lugha ya kompyuta iliyotumika kuandika WordPress, nayo haikai. Toleo la 8.2 la Desemba 2022 lilianza kulalamikia uzembe fulani wa kiuandishi ambao wengi wetu tuliuzoea miaka na miaka. Tovuti hazikuanguka, ila rekodi zao za makosa zilijaa maonyo, na kila onyo likawa barua kwangu.

Lakini makosa yangu mabaya hayakuletwa na PHP. Yaliletwa na kuzaliwa Tanga.

Sisi Tanzania hatusogezi saa. Mtoto wa hapa anakua bila kuwaza kwamba kuna nchi ambako usiku mmoja watu wote husogeza saa zao mbele. Uingereza hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nilikuwa najua, kama mtu anavyojua kwamba kuna theluji. WordPress humpa mwenye tovuti njia mbili za kutaja saa zake: achague mji, tuseme London, au achague tofauti isiyobadilika kati ya saa zake na UTC, saa ya kimataifa. Akichagua mji, mfumo unajua wenyewe lini saa zinasogea. Mimi nilikuwa nachukua tofauti ya siku ile plagini inapowashwa, naihifadhi kama namba. Aliyeiwasha Februari alihifadhiwa sifuri, na sifuri ikabaki sifuri.

Jumapili ya tarehe 26 Machi 2023 ilikuta watu wamefunga, Ramadhani ikiwa na siku chache tu. Saa 6 mchana, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya mihogo ya futari, simu ikaanza. Mteja wa kwanza aliandika kwa upole kwamba tovuti ya msikiti wao inaonyesha magharibi saa 12 na dakika ishirini na kitu, wakati karatasi ya ukutani inasema saa 1 na dakika zilezile. Wa pili hakuwa mpole.

Alfajiri ikiwahi kwa saa moja, mtu anaacha kula mapema na funga yake haina neno. Magharibi ikiwahi, unamfuturisha mchana. Nilipiga hesabu: hiyo magharibi ya uongo ingefika kwao saa 2 na dakika ishirini na kitu usiku kwa saa za Tanga. Nilikuwa na kama saa nane. Wifi yangu aliniona uso, akakaa kwenye mbuzi mahali pangu bila kuuliza kitu.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari minne. Kuyajaribu ndiko kulikokula alasiri, na baada ya hapo kuwaandikia wenye tovuti mmoja mmoja, maana kutoa sasisho si kulifikisha. Tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 mwenye tovuti anaweza kuruhusu plagini zijisasishe, ila mpaka aruhusu mwenyewe, na msikiti mwingine tovuti yake inaangaliwa na kijana mmoja anayejitolea mwishoni mwa wiki. Tulifuturu, nikarudi mezani na tende mkononi, nikaendelea kuandika mpaka watoto wakajilaza wenyewe.

Kosa la pili nalo lilikuwa la jiografia. Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua letu likizama limezama, giza halichelewi. Hesabu ya isha ya Muslim World League husubiri jua lishuke nyuzi 17 chini ya upeo wa macho. Hapa hushuka hivyo kila siku ya mwaka. London, katikati ya Juni, hata usiku wa manane jua limeshuka nyuzi 15 tu hivi, na Glasgow kama 11. Plagini ikawa inatafuta isha isiyokuwepo, ikikosa inaandika takataka. Zipo njia za kufidia, kama kuugawa usiku mafungu saba au kutumia nusu yake, na kila msikiti una yake iliyoikubali. Niliziweka zote kwenye mipangilio mteja achague. Mimi si mufti.

"Msimbo ukiwa wazi, watakuibia"

Msimbo ni maandishi yenyewe ya programu. Plagini za WordPress.org lazima ziwe na leseni inayokubaliana na GPL, leseni ya programu huria. Leseni hiyo inamruhusu aliyepata programu kuinakili, kuibadili, hata kuiuza tena, na haimkatazi mtu yeyote kulipisha. Tena maktaba ile haitaki plagini inayojifunga baada ya siku kadhaa ili ulipe, toleo la bure lazima lifanye kazi yake. Kwa hiyo la kulipia nauza pembeni, peke yake.

Nimeshaliona likigawiwa bure kwenye tovuti za watu. Mara ya kwanza nililia, sasa naangalia tu kama wamelitia uchafu ndani, maana nakala za namna hiyo mara nyingi hubeba msimbo wa hila. Mwendo wa jua haukuwa wangu tangu mwanzo. Anayenilipa analipia sasisho na mtu wa kumjibu Machi inapofika.

"Dola zinamiminika"

Wengine husema kinyume chake, kwamba pesa ya nje haiwezi kufika Tanga. Pande zote mbili zinakosea, ingawa hawa wa pili wana haki ya kuogopa. Katika kampuni za malipo ya mtandaoni, Stripe haimfungulii akaunti mfanyabiashara aliyepo Tanzania moja kwa moja, na PayPal kwa miaka mingi imemruhusu Mtanzania kulipa bila kumruhusu kupokea. Njia inayopitika ni kuuza kupitia kampuni ambayo kisheria ndiyo inayokuwa muuzaji, kama Paddle au Freemius. Nayo inabeba mzigo wa kodi za huko. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Januari 2015, hutoza VAT ya bidhaa za kidijitali kwa kiwango cha nchi ya mnunuzi. Hebu fikiria kuziwasilisha mwenyewe kutoka Makorora.

(Kodi ninayosema ni hii ya serikali. Vijana siku hizi msimbo nao wanauita kodi. Mmoja aliniuliza, "Shikamoo dada, kodi yako unaiandikia wapi?" Nikaanza kumweleza habari za TIN na TRA.)

Hesabu ni hii. Leseni ya mwaka tuiweke dola 49. Bei ya kawaida ya Paddle ni asilimia 5 na senti 50 kwa kila mauzo, yaani dola 2.95. Zinabaki 46.05. Wateja 100 wanakupa dola 4,605 kwa mwaka mzima, kabla ya kodi ya mapato ya hapa, bando na laptopu itakayokufa. Mwaka wa pili tuseme 60 wanalipia tena. Lazima utafute 40 wapya ili ubaki palepale ulipokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijamsikia mtu akilisema. Mauzo yangu huja wiki za kabla ya Ramadhani, na ada na sare huja Januari. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, Januari haihami. Kwa hiyo umbali kati ya pesa kuingia na pesa kutakiwa unabadilika kila mwaka, na bajeti ya nyumba lazima ibadilike nao. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Nimeshaiandika kwenye daftari.

"Subiri watoto wakue"

Walionishauri hivi walikuwa watu wazima wenye nia njema. Ila watoto wakikua hawaachi kuhitaji mtu, wanahamisha tu saa za kumhitaji. Kwangu kilicholeta unafuu hakikuwa umri wao, bali kuchagua ninachouza na ninachokataa kuuza.

Misikiti kadhaa imeniomba niongeze plagini ya kupokea michango. Soko lipo, na ingelipa kuliko nyakati za swala. Nimekataa. Malipo yakikwama yanakwama saa yoyote, na mwenye pesa hasubiri asubuhi. Tena michango hupamba moto kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambao hapa kwangu ni itikafu ya baba watoto, nguo za Idi na unga wa kaimati. Wenzangu wa fani wananiona mwoga wa kukua. Kweli, naogopa, na uoga huo ndio unaonipa kula na wanangu.

Baada ya ile Machi nilijiwekea sharti moja: kuanzia katikati ya Shaabani sitoi toleo jipya, ila kurekebisha hitilafu tu. Saa zangu za kujibu nimeziandika wazi kwenye ukurasa wa msaada. Wapo walionuna, wengi wakazoea.

"Kompyuta inajua mwezi"

Nyakati za swala zinahesabika kwa dakika, karne mbele. Kuingia kwa mwezi ni habari ya kuonekana, na wanaofuata mwandamo wa hapa hawafuati wa Saudia. Nyumba mbili za mtaa mmoja Tanga zinaweza kuanza funga siku mbili tofauti. Ndiyo maana plagini ina kitufe cha kuongeza siku moja au kupunguza, na usiku wa kuusubiri mwezi kitufe hicho ndicho kinachoulizwa na kila mtu, kutoka kila bara, kwa pamoja.

Mwaka jana, usiku huo, mama mkwe alikuja na kanga yake begani, akakaa karibu yangu na kuitazama skrini.

"Haya, mwanangu, hiyo kompyuta yako inasemaje? Kesho tunafunga?"

"Inasema tusubiri watangaze, mama."

Akacheka. Akanisogezea kikombe cha kahawa, akaenda kuwasha redio.