Kufunga usalama si kutoa risasi

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu mwenye kibali cha miaka mingi: "Mwindaji mwingine akinivamia pale ninapovizia, si naenda kumweleza tu? Bunduki nimeshaifunga usalama." Jamani! Hicho kifungio ni chuma na springi. Huchakaa, huingia mchanga, husukumwa na tawi. Risasi ikiwa chemba, bunduki ina risasi, basi.

Nani alifika kwanza? Sitaki hata kusikia. Mkionana, mwite kwa sauti ya mtu. Usipunge mkono, usipige mluzi.

Linalonikera hasa ni darubini ya bunduki. Kichaka kinatikisika, mtu anainua silaha "nione ni nani." Ndugu yangu, hapo umeshamlenga mtu! Wa upande wa pili haoni kwamba unachungulia tu, anaona tundu la mtutu, na yeye pia ana kidole. Darubini ya kuvaa shingoni ipo kwa kazi hiyo.

Ukiamua kumwendea, toa risasi ungali mbali, si mbele yake. Kwenye bunduki ya bolti, yaani ya komeo la chuma linalovutwa kwa mkono, mlio wa kutoa risasi haupishani sana na wa kujaza, na aliyepandwa na hasira hangoji kuona kilichoanguka majanini. Mtutu chini, bolti wazi, aone mwenyewe.

Darasani tunalisema hilo bila kusita, lakini moyoni sina raha nalo. Wewe umetoa zako, mwenzako zake zimejaa, na pengine ananuka pombe. Je, umejilinda au umejianika? Jibu la uhakika sina. Mtu wa namna hiyo simwendei kabisa: narudi nyuma huku miti ikiwa kati yetu, naandika saa, mahali na namba ya gari, kisha nawapigia askari wa wanyamapori.

Na mnyama mliyempiga wote wawili? Kuna mahali hutazamwa risasi iliyoua, kwingine damu ya kwanza, yaani nani alimjeruhi kwanza. Hamtaliamua hapo mkiwa mmeshika visu. Rudisheni visu alani, toeni risasi, wekeni bunduki kando, ndipo mkague matundu na mfuate damu kurudi nyuma hadi ilipoanzia. Akikataa, mwachie. Ndiyo, hata kama pembe zake umezisubiri msimu mzima.