Jino likinyamaza halijapona: maswali ninayoulizwa kwenye kiti cha meno

Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya huku wilayani. Karibu kila Jumatatu asubuhi, kwenye benchi nje ya chumba changu, namkuta mtu amejifunga kanga kuanzia utosini hadi kidevuni, shavu moja limejaa kama ameficha embe. Nikiuliza lilianza lini, jibu huwa lile lile: "Liliuma mwezi wa tatu, likapona lenyewe." Hilo "likapona lenyewe" limenichosha, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jino kutoboka ni nini hasa?

Bakteria wa mdomoni wanakula sukari uliyokula, wanatoa tindikali, na tindikali inayeyusha jino. Basi. Hakuna mdudu anayetafuna jino. Wale wanaovutishwa moshi wa mbegu kisha wakaonyeshwa "wadudu" weupe kwenye bakuli la maji, vile vyeupe vimetoka kwenye mbegu, havijatoka kinywani mwako.

Jino liliniuma wiki mbili usiku na mchana, sasa limetulia. Bado kuna haja ya kuja?

Njoo. Tena njoo wiki hii.

Naomba nieleze taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa na halina hisia, hivyo tundu likiwa hapo husikii chochote. Likifika tabaka la pili, maji baridi na vitu vitamu vinakushtua. Likifika kwenye mshipa ulio katikati ya jino, ndipo linapopwita usiku kucha, na ukilala chali linazidi. Kisha siku moja, kimya. Mgonjwa anamshukuru Mungu, anarudi shambani. Kumbe mshipa umekufa, na mshipa uliokufa haulalamiki. Bakteria wao wako hai: wanapita ndani ya mzizi hadi kwenye mfupa wa taya na kutengeneza usaha polepole, miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, huku wewe unatafuna mahindi ya kuchoma upande ule ule.

Kwa hiyo nasema tena: jino lililotoboka likiacha kuuma bila kutibiwa, halijapona. Limekufa, na maambukizi yanaendelea chini kwa chini.

Lakini nilikunywa zile rangi mbili za duka la dawa, kapsuli za antibayotiki, na uvimbe ukashuka.

Ulishuka, sikatai. Na utarudi. Dawa husafiri na damu. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo dawa haifiki kwenye chimbuko la ugonjwa. Inapunguza moto nje ya mzizi, chanzo kinabaki pale pale. Mwezi uliopita mama mmoja alifungua fundo la kanga akanimwagia mezani kapsuli nne zilizobaki, vidonge vitatu vya maumivu na kimoja ambacho hata muuzaji hakumtajia jina. Alikuwa amerudia hivyo mara tano kwa jino moja. Jino lile lingezibwa kwa nusu saa lilipoanza kushtuka na maji baridi. Alipofika kwangu lilibaki kipande cha mzizi.

Antibayotiki tunazitoa pale maambukizi yanapoenea, mwili unapochemka au shavu linapojaa, na hata hapo lazima jino lenyewe lishughulikiwe: litibiwe mzizi au ling'olewe. Kunywa kapsuli mbili ukaacha ni kuwafundisha bakteria kuizoea dawa.

Vipi kuweka karafuu, tumbaku au maji ya betri?

Karafuu inatuliza kwa saa kadhaa. Iweke ukiwa njiani kuja. Tumbaku, hapana. Kidonge cha aspirini kilichobanwa kwenye fizi kinaunguza fizi. Maji ya betri, jamani! Ni asidi ile ile inayotoboa suruali ya fundi. Nimeona ulimi na shavu la ndani vimebabuka vyeupe, na jino bado lipo na bado linauma.

Naogopa kung'oa jino la juu, nasikia linaharibu macho.

Mishipa ya macho na ya meno ni tofauti. Sijamwona mtu aliyepofuka kwa kung'olewa jino. Niliowaona ni wale walioacha jino bovu la juu mpaka usaha ukapanda chini ya jicho, jicho likafumba kwa uvimbe.

Mjamzito naye anaweza kutibiwa meno, ganzi ikiwemo. Mwambie tu tabibu una miezi mingapi. Na mtoto wa tumboni haibi madini kwenye meno yako. Kinachoharibu ni kutapika, kula kidogo kidogo mchana kutwa na kuacha mswaki kwa sababu ya kichefuchefu.

Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Nikaacha kupitisha upande huo.

Hapo umeongeza tatizo. Fizi inatoka damu kwa sababu utando wa uchafu umekaa kwenye mpaka wa fizi na jino. Usipoondolewa unakauka na kuwa ugaga, ambao mswaki hauutoi. Unakwanguliwa na mtaalamu. Piga mswaki laini hapo hapo panapotoka damu, taratibu, kila siku. Kwa wengi damu inakoma ndani ya wiki moja au mbili. Isipokoma, au meno yakianza kucheza, njoo ukwanguliwe ugaga, na ukapime sukari pia: kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana.

Jino la mtoto limetoboka, lakini si la utotoni tu? Litang'oka.

Uko na uhakika ni la utotoni? Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani linaota nyuma kabisa ya meno ya utotoni, na hakuna jino linalong'oka kulipisha njia. Mzazi halioni. Kila wiki napokea mtoto wa miaka 9 au 10 ambaye gego hilo limeoza, na baba anasema "si litaota jingine?" Halioti jingine, mzee. Mfungue mtoto mdomo leo, kwenye mwanga, hesabu kutoka mbele: jino la sita kila upande ndilo hilo.

Mtoto wangu mchanga ana homa na anaharisha. Bibi anasema ni meno ya plastiki, yatolewe.

Hapana. Hapana kabisa. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni meno yake yanayojiandaa kuota. Wanaovikata kwa wembe au spoku ya baiskeli wanamwachia mtoto kidonda, damu na maambukizi, na wengine wamekufa. Homa na kuharisha vina sababu nyingine: malaria, kifua, maji machafu. Kila saa inayopotea kwa mkata meno ni saa ambayo mtoto alipaswa kuwa anapimwa na kupewa maji ya chumvichumvi. Shikamoo bibi, kwa heshima zote, lakini mtoto aende hospitali kwanza.

Kujikinga je?

Mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ule wa usiku kabla ya kulala ndio usioruhusiwa kukosa. Dawa ya meno iwe na floraidi. Mtoto chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, aliyezidi hapo kiasi cha punje ya njegere. Tema, usisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti unasafisha vizuri ukitafunwa ukawa laini, ila hauna floraidi. Mkaa unakwangua ganda. Sukari, muhimu ni mara ngapi kuliko kiasi gani: ubuyu wa rangi unaomung'unywa kuanzia saa nane hadi magharibi ni mbaya kuliko soda moja iliyonywewa na chakula ikaisha.

Shavu limeanza kuvimba leo Jumamosi, kliniki ya meno inafunguliwa Jumatatu. Nisubiri?

Kama uvimbe uko chini ya taya au unashuka shingoni, kama kumeza au kupumua kunakuwa shida, mate yanakutoka, sauti imebadilika, ulimi umeinuka, mdomo haufunguki au una homa kali, usisubiri hata kukuche. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo, ukae wima njiani, usilale. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache. Usiutoboe kwa sindano, usiukande kwa kitambaa cha moto, usiende kwanza kununua rangi mbili. Ukifika mapokezi usiseme "naumwa jino", watakupanga foleni. Sema: "Nimevimba shingo na napumua kwa shida."