Mboga, Matunda na Watoto Wetu: Yanayosemwa Visiwani na Yaliyo Kweli

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mtoto wa miaka miwili akiutema mchicha mara mbili tatu huhukumiwa palepale kuwa "huyu hali majani", na kuanzia siku hiyo sahani yake huwa ni wali na mchuzi mtupu. Hukumu hiyo hutolewa kwa mapenzi, kwa kuwa hakuna mzazi anayetaka mwanawe alale na njaa, lakini aghalabu hutolewa mapema mno. Visiwa hivi havina uhaba wa majani wala wa matunda. Kinachowanyima watoto wetu mara nyingi ni maneno tuliyoyapokea kwa wazee na majirani bila ya kuyapima, na hapa nimeyachukua yale ninayoyasikia zaidi ili niyaweke mbele ya yale yanayojulikana.

"Ameshakataa, basi hapendi"

Hili ndilo neno linaloharibu zaidi, na ndilo linalostahili kuelezwa kwa urefu. Binadamu huzaliwa akipenda utamu na akiuchelea uchungu. Maziwa ya mama yana utamu, na mimea mingi yenye sumu ina uchungu, hivyo mtoto anayekunja uso anapoonjeshwa mnavu au kisamvu kwa mara ya kwanza anafanya kile ambacho mwili wake umeumbwa kukifanya. Zaidi ya hayo, kati ya miaka miwili na sita watoto wengi hupita katika kipindi cha kukiogopa chakula chochote wasichokizoea, na wakati mwingine hukataa hata kile walichokuwa wakikila vizuri walipokuwa na mwaka mmoja. Hicho ni kipindi cha ukuaji, nacho hakina uhusiano na utovu wa adabu wala na "kudekezwa".

Watafiti waliofuatilia ulaji wa watoto wamekuta kuwa chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara nane, kumi, na pengine hata kumi na tano kabla mtoto hajakikubali. Wengi wetu huacha kabla ya kufika hata nusu ya hesabu hiyo. Kuonja huko hakumaanishi bakuli zima. Ncha ya kijiko inatosha, na mtoto aliyeinusa bamia, akaishika, akairamba kisha akairudisha sahanini amekwisha kupiga hatua. Mwanangu alianza na bamia kwa kuzipanga ukingoni mwa sahani kama mashua zilizoegeshwa pwani, na zilikaa hapo kwa wiki kadhaa. Sikumwambia neno, niliendelea kumwekea mbili tatu kila zilipopikwa, mpaka siku moja alizila na kuomba nyengine. Ninaisimulia habari hii kwa sababu najua jinsi wiki zile zinavyochosha na jinsi jirani anavyoweza kukushawishi uache.

Kazi hii kwa hakika huanza kabla mtoto hajakaa mbele ya sahani. Ladha ya anachokula mama hupita katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na baadaye katika maziwa. Utafiti uliofanywa Philadelphia, nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2001 ulionesha kuwa watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito, au walipokuwa wakinyonyesha, walikunja uso mara chache zaidi walipopewa uji wenye ladha ya karoti. Kwetu, mzazi aliyemo katika arubaini hulishwa uji wa pilipili manga na supu, navyo ni vyakula vyema, lakini katika baadhi ya nyumba majani huwekwa mbali naye kwa hofu kwamba yatamsokota mtoto tumbo. Kumnyima mama mboga kwa siku zote hizo ni kumnyima pia mtoto nafasi ya kuzizoea mapema.

"Mwambie amalize mchicha ndipo apewe biskuti"

Ahadi hii huonekana kufanya kazi kwa sababu mtoto humeza haraka, akapewa biskuti yake, na sote tukaridhika. Alichojifunza, hata hivyo, ni kuwa mchicha ni adhabu inayovumiliwa na biskuti ni tunu. Majaribio yaliyofanywa kwa watoto wadogo yameonesha mara kwa mara kuwa chakula kinachotumiwa kama zawadi huzidi kupendwa, na kile kinacholiwa kwa kulipwa huenda kikazidi kuchukiwa. Kumshika mtoto kidevu na kumlisha kwa nguvu ni kubaya zaidi, kwani mtoto huacha kusikiliza njaa na shibe yake mwenyewe, na wakati wa chakula ukageuka kuwa wakati wa machozi. Ni salama zaidi kugawana kazi: mkubwa aamue kipi kinapikwa na saa ngapi kinaandaliwa, mtoto aamue atakula kiasi gani katika vile vilivyoandaliwa.

Katika jambo hili sisi tuna neema ambayo watu wengi duniani wameipoteza, nayo ni sinia. Mtoto huiga mkono anaouona. Anapokaa mkekani kati ya babu na shangazi, akaona mikono yote ikiufuata mchicha wa nazi bila ya mtu kumtazama yeye wala kumhimiza, huwa anafundishwa kwa njia iliyo bora kuliko maneno. Bahati mbaya, mara nyingi mtoto hutengewa pembe yake ya wali na minofu ya samaki iliyotolewa miiba, huku bakuli la majani likiwa mbele ya wakubwa, mbali na mkono wake. Tena mtoto wa chini ya miaka mitatu anayekula moja kwa moja katika sinia huwa vigumu kujulikana amekula nini na kiasi gani, kwa kuwa ndugu zake wana mikono myepesi kuliko wake. Ni vyema awe na kisahani chake, kiwekwe ubavuni mwa sinia, nacho kiwe na kila kitu kilichomo siniani, hata kama majani ni vijiko viwili tu.

Na yapo maneno tunayoyasema bila ya kujua kuwa mtoto anayasikia. "Leo hakuna kitoweo, tutakula mchicha." Mtoto anayelisikia neno hilo tangu yuko mgongoni hukua akijua kuwa majani ni alama ya siku mbaya, siku ambayo baba hakupata samaki. Dhana ya kuwa mboga za majani ni chakula cha wasiojiweza haitamkwi kwa watoto kama fundisho, lakini wanaivuna katika mazungumzo yetu ya kila siku. Mchicha unaoliwa pamoja na samaki aina ya changu una heshima tofauti na mchicha unaoliwa kwa kumkosa changu.

"Matunda na vitu vitamu huleta minyoo"

Bibi wengi bado humzuia mjukuu asile ndizi mbivu au embe kwa kuogopa minyoo. Minyoo haitoki katika utamu. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye minyoo, huingia katika udongo, na kutoka hapo humfikia mtoto kwa mikono michafu au kwa chakula na maji yaliyochafuka. Minyoo ya safura hupenya hata katika ngozi ya miguu isiyo na viatu. Pemba inalijua vizuri jambo hili, kwani watoto wa skuli wamekuwa wakipewa dawa za minyoo tangu miaka ya 1990. Hofu ya bibi, hata hivyo, ina chembe ya ukweli ndani yake: tunda au jani lisilooshwa linaweza kubeba mayai hayo, pamoja na vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo embe lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, majani yaoshwe moja moja, mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni, kisha ale.

Yale mengine yasemwayo, kwamba chungwa huleta mafua na kwamba tunda likiliwa usiku huleta homa, hayana msingi. Mafua huletwa na virusi, na chungwa la magharibi halitofautiani na la asubuhi.

"Asipokula tunda, mpe juisi"

Embe lililosagwa, likachujwa na kutiwa vijiko vitatu vya sukari limepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zake, na limebaki kuwa maji matamu yanayomshibisha mtoto kabla ya chakula na kuyaharibu meno yake. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, walishauri kuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120 kwa siku, kiasi ambacho hakifiki nusu ya glasi ya kawaida, tena ya juisi halisi isiyotiwa sukari. Juisi za ukwaju, mabungo na pesheni, ambazo hazinyweki bila ya sukari nyingi, ni za wakubwa na za siku maalumu. Hali ni hiyohiyo kwa ubuyu uliopakwa rangi nyekundu: unga wa ubuyu wenyewe una vitamini C kwa wingi, lakini ule unaouzwa milangoni mwa skuli ni sukari na rangi kuliko ubuyu.

"Tufaha na zabibu ndizo zenye vitamini"

Ninamhurumia mzazi anayezipita papai na mapera pale sokoni Darajani, mjini Unguja, ili fedha yake ndogo iende katika tufaha mbili za kizungu zilizosafiri kwa meli. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Za chungwa zina takriban 50. Za tufaha hilo hazizidi sana 5. Embe, papai na boga vina rangi ya njano inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ambayo huyalinda macho na kinga ya mwili. Zabibu nzima, tena, ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwani umbo lake huziba koo. Ikibidi apewe, ikatwe vipande vinne kwa urefu. Tahadhari hiyo inaihusu pia shokishoki, ambayo lazima itolewe kokwa na kukatwa, na karoti mbichi, ambayo ni bora ichemshwe.

"Majani ya mtoto yachemshwe kwa maji matupu"

Wapo wanaoamini kuwa tui la nazi ni zito kwa tumbo la mtoto. Ukweli ni kuwa ile rangi yenye kuleta vitamini A, ambayo imo pia katika mchicha na matembele, huhitaji mafuta kidogo ili mwili uifyonze, hivyo mpishi wa kale aliyetia tui katika mchicha alikuwa amepatia. Kuyachemsha majani muda mrefu katika maji mengi na kisha kuyamwaga maji hayo ndiko kunakopoteza vitamini. Kisamvu pekee kisifanyiwe haraka: lazima kitwangwe na kichemshwe barabara, kwa kuwa kikiwa kibichi kina sumu. Madini ya chuma yaliyomo katika majani hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na samaki, au yakikamuliwa ndimu, lakini chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Yote haya yanaweza kuanza mtoto anapotimiza miezi sita, majani yakiwa yamepondwa laini, na choo chenye rangi ya kijani siku ya pili yake hakipaswi kumtisha mtu.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani hushauri angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano. Ndizi moja ya kisukari, kipande cha papai na vijiko vinne vitano vya mchicha hukaribia kipimo hicho, na si lazima vyote viliwe kwa mara moja. Saa iliyo nyepesi kuliko zote ni alasiri, mtoto anaporudi na njaa yake kutoka chuoni anakosoma Kurani: papai liwe limekwisha kukatwa na limo kisahanini, na maandazi yatolewe baadaye.