Italia kwa begi la mgongoni: mji wa kale usomwe kwa maji yake

Wengi wakipanga safari ya Italia huanza na makanisa na sanamu. Mimi kazi yangu ni maji: kupima vyanzo, kuchora njia za mabomba, kubishana na wahasibu juu ya upotevu wa maji. Kwa hiyo nilipokubaliana na rafiki yangu, mwalimu wa historia wa sekondari, tubebe mabegi mgongoni na kupita Roma, Orvieto, Siena, Bologna na Venezia kwa treni za bei nafuu, nilimpa sharti. Kila mji tutakaofika, kabla ya kuingia jumba lolote, tujiulize kwanza wenyeji wa zamani walikunywa nini. Naye alinipa lake: nisimhutubie kabla hajapata kahawa.

Swali hilo linafaa Italia kuliko nchi nyingi, kwa sababu miji yake mingi ya kale imekaa mahali pabaya kwa maji. Ilipandishwa vilimani au kusukumwa visiwani kwa kukimbia vita. Adui hapandi kilima kwa urahisi, lakini maji nayo hayapandi.

Roma ni darasa la maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe kwa mwinamo. Mji wa kale ulilishwa na mifereji mikubwa 11, na hakuna hata mmoja uliokuwa na pampu. Wageni hupiga picha matao, ingawa matao ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe. Urefu mkubwa wa mifereji ile ulizikwa ardhini. Matao yalihitajika pale mfereji ulipokutana na bonde au uwanda. Ukiuacha ushuke unapoteza kimo, na kimo ukishakipoteza hukirudishi bila mashine. Mwalimu aliuliza kwa nini hawakutumia mabomba, yashuke bondeni yapande upande wa pili. Waliyatumia mahali pengine katika dola yao, mabomba ya metali ya risasi. Lakini risasi ilikuwa ghali, na kiungo cha bomba kinachokaa na msukumo mkubwa siku zote hutafuta pa kuvujia.

Kuyaona matao vizuri, panda metro mstari A hadi kituo cha Giulio Agricola au Subaugusta, kisha tembea hadi bustani ya Parco degli Acquedotti. Hakuna kiingilio. Yale marefu ni ya Aqua Claudia, ulioanzishwa na mtawala Caligula mwaka 38 na kumalizwa na Claudius mwaka 52, wenye urefu wa karibu kilomita 69 kutoka chanzo hadi mjini. Mfereji ninaoupenda mimi, hata hivyo, hauonekani. Ni Aqua Virgo, uliofunguliwa na Agrippa, jemadari wa Kirumi, mwaka 19 kabla ya Kristo. Urefu wake ni kama kilomita 20, karibu wote chini ya ardhi. Wagothi walipouzingira mji mwaka 537 waliikata mifereji ya Roma, na mingi haikuinuka tena. Huu uliozikwa ulikarabatiwa kwa vipindi, ukaendelea kutumika, na ndio uliokuja kuilisha chemchemi ya Trevi iliyokamilika mwaka 1762. Kwa hiyo yule mtalii anayerusha sarafu pale anairusha kwenye mradi wa Agrippa.

Mwaka 97 mtawala Nerva alimteua Frontinus kusimamia maji ya Roma. Alipofanya ukaguzi aligundua kuwa maji yanayoingia kwenye mifereji hayalingani na yanayowafikia wateja. Akafuatilia. Baadhi ya wafanyakazi wa idara yake mwenyewe walikuwa wakitoboa mabomba kwa siri chini ya barabara na kuuza maji. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Injinia, kumbe hawa ni wenzenu!" Sikumjibu, maana ripoti za kujiunganishia maji kinyemela bado tunaziandika.

Kwa mbeba begi, zawadi kubwa ya Roma ni vile vibomba vya chuma vya barabarani viitwavyo nasoni. Viko takriban 2,500, maji ni baridi, salama na bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia tundu dogo la mgongoni, unywe bila kuinama. Njoo na chupa yako ya chuma usahau maji ya dukani. Ukiona maandishi "acqua non potabile", hayo si ya kunywa.

Orvieto iko zaidi kidogo ya saa moja kutoka Roma kwa treni ya mkoa. Ukitumia tiketi ya karatasi, igonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo utalipa faini. Mji umekaa juu ya mwamba wa volkano wenye kingo zilizokatika wima, na stesheni iko chini kabisa. Abiria hupandishwa na treni ya kamba. Ilipofunguliwa mwaka 1888 ilikuwa ikiendeshwa kwa maji: behewa la juu linajazwa tangi, linakuwa zito, linashuka huku likilivuta la chini. Siku hizi ni umeme. Niliposhuka pale juu nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna kanisa kuu maarufu.

Hatua chache kutoka kituo cha juu cha treni hiyo kuna kisima cha Pozzo di San Patrizio. Jeshi la mfalme Karoli wa Tano lilipoivamia na kuipora Roma mwaka 1527, Papa Clement wa Saba alikimbilia Orvieto. Kuta za mwamba zilimlinda, lakini mji ukizingirwa, kiu ingefungua malango. Akamwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo Mdogo achimbe kisima. Kazi ilikamilika mwaka 1537, papa mwingine akiwa madarakani.

Kuchimba zaidi ya mita 50 ni jambo moja. Jambo gumu zaidi lilikuwa kuyatoa maji. Ndoo na kamba kwa kina kile hutoa maji ya nyumba chache, si ya mji. Sangallo aliamua kwamba mnyama ashuke mwenyewe. Kuzunguka shimo la katikati alichonga njia mbili za mzunguko, moja juu ya nyingine, zisizokutana popote mpaka chini kabisa, kwenye daraja dogo juu ya maji. Nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, walishuka kwa njia moja, wakabebeshwa, wakapanda kwa nyingine. Hakuna kupishana, hakuna foleni. Ngazi ni 248, pana na fupi kwa kwato za mnyama, na madirisha 70 yanayotazama shimoni huleta mwanga kutoka juu. Tulipojaribu, kila mmoja kwa njia yake, tuliweza kuzungumza kupitia madirisha lakini hatukuweza kufikiana. Wahandisi wa leo hujisifia mpango wa njia moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Sangallo aliupanga ndani ya kisima.

Kutoka Orvieto hadi Siena ubadilishe treni Chiusi. Siena haina mto wa maana, na hapo ndipo penye simulizi nzito. Kwenye karne za kati ulikuwa mji wa mabenki na wafanyabiashara, mshindani wa Firenze. Lakini Firenze ulikuwa na mto Arno, na biashara kubwa ya enzi hizo, sufu, hula maji: kufua, kupiga, kutia rangi. Wasiena wakachimba. Chini ya mji kuna mahandaki yaitwayo bottini, jumla yake karibu kilomita 25, yaliyochongwa kwenye miamba laini ya mchanga. Mtu anaweza kupita akiwa amesimama, na sakafuni kuna mfereji mwembamba. Jambo la kuvutia ni kwamba handaki lenyewe ni chanzo. Mvua hupenya ardhini, ikatona kutoka kwenye kuta na dari, matone yakakusanyika na kuteremka kwa mwinamo mdogo sana hadi kwenye chemchemi za mjini. Kuingia kunahitaji kupanga ziara mapema, na nafasi ni chache.

Waliendelea kutafuta mto wa chini ya ardhi walioamini upo, wakiuita Diana. Hawakuupata, na mshairi Dante akawakejeli kwa hilo. Mimi siwakejeli. Mtu mwenye wateja wengi na matone machache lazima ataota mto.

Usipoweza kuingia mahandakini, shuka kwenye chemchemi ya Fontebranda. Jengo la sasa la matao ni la mwaka 1246. Hapo maji hayakutumika mara moja. Hodhi la kwanza lilikuwa la kunywa; yaliyofurika yaliingia hodhi la wanyama; yaliyozidi tena yakaenda kwa wafuaji na mafundi. Mpangilio huo ulilindwa kwa sheria, na ni elimu ya usafi wa maji iliyotangulia elimu ya vijidudu kwa karne nyingi.

Bologna nitaipita haraka. Mji uko kwenye tambarare, haukuhangaikia kimo. Ulileta maji ya mto Reno kwa mfereji kutoka bwawa la Casalecchio ili yazungushe vinu vya hariri. Mifereji mingi ilifunikwa kwenye karne ya 20. Via Piella kuna kidirisha ukutani, ukikifungua unaona maji yakipita kati ya nyumba. Foleni ya kupiga picha ni ndefu kuliko mandhari yenyewe.

Venezia ni kinyume cha vyote. Umezungukwa na maji, na yote ya chumvi. Chimba kisima cha kawaida, utapata chumvi. Msomaji wa Lamu ataelewa haraka: matuta ya mchanga ya Shela hupokea mvua, huichuja na kuihifadhi juu ya maji ya bahari, nayo ndiyo yamewanywesha watu wa Lamu. Waveneti hawakuwa na matuta, kwa hiyo walijitengenezea. Walichimba uwanja mzima, mita kadhaa, wakaupaka shimoni udongo wa mfinyanzi ili chumvi isiingie, wakajaza mchanga, na katikati wakainua bomba la matofali. Mvua ya uwanjani na ya mapaa ya jirani iliingia kupitia mawe yenye matundu, kwa kawaida manne, ikachujwa na mchanga na kujikusanya kwenye bomba. Kinachoitwa kisima cha Venezia ni chujio la mchanga lenye tangi ndani yake.

Visima vya hadhara vilifungwa kwa kufuli na kufunguliwa kwa saa maalumu, funguo zikiwa kwa viongozi wa mtaa. Kiangazi kikizidi, mashua zilileta maji ya mto Brenta kutoka bara, kama maboza yanavyofanya kwetu. Mwaka 1884 bomba kutoka bara lilifika, na mfumo mzima ukastaafu. Vichwa vya visima vimebaki viwanjani, vimefunikwa kwa chuma.

Mwalimu alikuwa akivipiga picha kwa ajili ya nakshi, mimi nikitembea mita chache pembeni nikiinamia sakafu kutafuta yale mawe yenye matundu. Yatafute nawe, bila hayo unaona pambo tu. Kisha angalia kama kisima kimeinuliwa juu ya jukwaa lenye ngazi, kama kile cha Campo San Trovaso. Si urembo. Bahari ikifurika na kuingia uwanjani, gharika moja ya chumvi iliharibu mchanga wote, na kuusafisha ilikuwa kazi ya gharama kubwa.

Leo jaza chupa kwenye vibomba vya viwanjani, ni maji mazuri ya bara. Begi liache sehemu ya kuhifadhia mizigo stesheni, maana madaraja yana ngazi. Ukija kutwa tu katika siku fulani za msimu utatozwa ada ya kuingia mjini. Ukilala hosteli ndani ya manispaa, hata Mestre iliyoko bara, hulipi, ila katika siku hizo jisajili mapema upate msamaha wako.